SOMO LA MWEZI: MIMEA INAYOTAKA UNYEVU WA KADIRI



Mwezi huu tutasoma habari za mimea ambayo tunaitegemea kwa chakula kila siku lakini tabia yake hatuijui vizuri. Mahindi, maharagwe, sukuma wiki, nyanya, ndizi, viazi vitamu, kunde: yote hii, kwa upande wa maji, ni ya ukoo mmoja. Haitaki kiu, wala haitaki kukaa majini. Inataka unyevu wa kadiri, na ikikosa kadiri hiyo kwa siku chache tu, jasho lako la miezi mitatu limepotea.

Kwanza nijitambulishe. Mimi si Bwana Shamba. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, kazi yangu ni kuandika barua, kutunza majalada na kujaza vitabu vya wakulima wanaokuja na haja zao. Zamani nilisomea ualimu, ndiyo maana nimepewa kazi ya kuandika ukurasa huu. Basi usome pole pole, na kama kuna mtoto wa shule nyumbani mwite akae karibu, maana ndani ya somo hili kuna majaribio mawili ambayo anaweza kuyafanya yeye mwenyewe kwa makopo na mfuko wa plastiki.

JAMAA TATU ZA MIMEA

Mwaka 1895 mtaalamu mmoja wa Denmark, jina lake Eugen Warming, alitoa kitabu ambamo aliigawa mimea ya dunia kwa kadiri ya maji inayohitaji. Mimea ya majini aliiita haidrofaiti, ya mahali pakavu zerofaiti, na ile ya katikati mesofaiti. Majina haya ni ya Kigiriki na huna haja ya kuyakariri. Sisi tutasema mimea ya maji, mimea ya ukame, na mimea ya kati.

Nenda ukasimame ukingoni mwa ziwa pale Dunga, karibu na Kisumu. Mbele yako utaona mafunjo, ambayo Waluo huyaita togo, yale ambayo akina mama hufumia mikeka. Miguu yake imo majini mwaka mzima na hayaozi. Kwa nini? Kata shina moja ulitazame ndani. Utaona limejaa vijumba vidogo vidogo kama sifongo, na vijumba hivyo vimejaa hewa. Hewa hiyo hushuka kutoka juu hadi kwenye mizizi iliyozama kwenye tope. Mpunga nao umeumbwa hivyo hivyo. Ndiyo sababu mpunga wa Ahero, ambako skimu ya kumwagilia mashamba ilianzishwa mwaka 1969, unasimama katika maji bila kudhurika, na mahindi ya jirani yakisimama katika maji yale yale yanakufa.

Sasa geuka, upande kilimani. Kwenye ua wa boma utaona mkonge na mpungate. Majani ya mkonge ni manene, yamepakwa nta, yanaweka akiba ya maji ndani yake. Tena ana werevu wa pekee: vitundu vya kupumulia hufungwa mchana wakati wa jua kali na kufunguliwa usiku, wakati hewa ni baridi na maji hayapotei. Nanasi hufanya vivyo hivyo. Mkonge hata ukiunyima mvua miezi minne hautakulalamikia, lakini usitegemee ukue upesi. Mmea unaofunga milango mchana unakula kidogo.

Mimea yetu ya kati haina vijumba vya hewa kama mafunjo, wala haina akiba na nta nzito kama mkonge. Majani yake ni mapana na membamba, vitundu vyake viko wazi mchana kutwa, na kwa sababu hiyo inakula sana na kukua upesi. Hindi linapandwa mwezi wa tatu, na mwezi wa nane liko ghalani. Hiyo ndiyo faida yake. Bei ya faida hiyo ni kwamba haiwezi kustahimili kuzidi wala kupungua.

Mtama na wimbi vinaelekea kidogo upande wa ukame. Jani la mtama lina nta, hujikunja jua likizidi, na mmea wote unaweza kusimama kukua ukangoja mvua. Wazee wetu hawakuwa wajinga walipoujaza mtama katika uwanda huu kabla ya mahindi kutawala. Nduma inaelekea upande wa maji, na miwa huvumilia maji kidogo kuliko mahindi, ijapokuwa nayo haitaki kukaa kwenye dimbwi.

JINSI MMEA UNAVYOKUNYWA

Fanya jaribio la kwanza. Saa tano asubuhi, siku ya jua, chukua mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, ambao hauna tundu. Uvalishe kwenye tawi la mharagwe lenye majani, ukaufunge kwa uzi. Rudi baada ya saa moja. Ndani ya mfuko utaona matone ya maji. Yametoka wapi? Yametoka ndani ya majani, kupitia vile vitundu ambavyo macho hayavioni. Mmea hauna budi kufungua vitundu hivyo ili uingize hewa ya kaboni, ambayo ndiyo chakula chake kikuu, na vikiwa wazi maji hutoroka. Hakuna njia nyingine. Sehemu kubwa sana ya maji ambayo mizizi inayanywa haikai ndani ya mmea, bali hupanda shinani na kutokea majani.

Tupige hesabu. Mahindi kutoka kupandwa hadi kukomaa yanahitaji maji ya milimita 500 hadi 800. Tuchukue hiyo 500. Ekari moja ni mita za mraba 4,000 na kidogo, basi milimita 500 juu ya ekari ni lita milioni mbili. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, ekari ina mimea karibu 18,000. Gawanya, na kila mhindi mmoja unapata kama lita 110, yaani madebe matano na zaidi, pamoja na yale ambayo jua huyakausha moja kwa moja kutoka udongoni. Hebu fikiria kuubebea kila mhindi madebe matano kutoka mtoni!

Mvua ya Kisumu ni kama milimita 1,300 kwa mwaka. Ukitazama hesabu hiyo utasema maji yanatosha na kubaki. Yanatosha kweli. Taabu ni jinsi yanavyokuja. Katika chwiri, yaani masika ya mwezi wa tatu hadi wa tano, hushuka kwa mkupuo, na mito ya Nyando na mingineyo huleta maji ya milima ya Nandi na Kericho ambayo hatukuyaomba. Katika opon, yaani mvua za vuli, huja kwa kusitasita. Hivyo shamba lile lile linaweza kuuawa na maji mwezi wa tano na kuuawa na kiu mwezi wa kumi na mbili.

MIZIZI NAYO HUPUMUA

Hapa ndipo wengi wetu hukosea, nami nilikosea kuliko wote kama utakavyosikia. Tunajua kwamba jani lahitaji hewa. Hatufikiri kwamba mzizi pia unapumua.

Chukua pande la udongo mzuri wa bustani. Kama nusu yake tu ni udongo wenyewe, na nusu nyingine ni nafasi zilizo kati ya chembe na chembe. Katika shamba zuri nafasi hizo hugawanywa: karibu nusu yake ina maji, na nusu yake ina hewa. Mzizi hunywa maji kwa upande mmoja na kuvuta hewa kwa upande wa pili. Mvua ikizidi na maji yasipate njia ya kutoka, nafasi zote hujaa maji na hewa hufukuzwa. Mzizi hubanwa pumzi. Na kazi ya kuvuta maji na chakula kutoka udongoni inataka nguvu, na nguvu inatoka katika kupumua. Mzizi usiopumua hauwezi kunywa. Basi utaona ajabu hii: mmea umesimama katika maji, na majani yake yananyauka kwa kiu.

Jaribio la pili. Tafuta makopo mawili yanayolingana. Kopo la kwanza litoboe matundu matano chini. La pili usilitoboe. Tia udongo ule ule, panda maharagwe matatu katika kila kopo, uyamwagilie sawasawa mpaka yawe na majani manne. Kisha anza kumimina maji mengi kila siku katika makopo yote mawili, hata lile lisilo na matundu maji yasimame juu ya udongo. Baada ya siku chache tazama majani yake. Yanageuka manjano, kuanzia yale ya chini. Ng'oa mmea mmoja katika kila kopo, uoshe mizizi. Katika kopo lenye matundu mizizi ni meupe na migumu. Katika lile jingine ni ya kahawia, laini, ukiisugua ganda linatoka, na ukiinusa utajua mwenyewe.

MFUKO WA MBOLEA ULIOKWENDA HEWANI

Mwaka 2018 masika yalikuwa makubwa mno. Wengi wenu mnakumbuka jinsi Nyando ulivyovunja kingo. Mimi nilikuwa mgeni kazini. Siku moja, Bwana Shamba akiwa amekwenda nje, aliingia ofisini mzee mmoja wa skimu iliyo upande wa Muhoroni. Alikuwa ameleta jani la mhindi limefungwa vizuri ndani ya gazeti. Akaniambia, "Mwalimu, mahindi yangu yana ugonjwa gani?" Wazee wengi huniita Mwalimu, na kusema kweli hupenda kuitwa hivyo.

Nikalitazama lile jani. Limekuwa manjano kuanzia ncha, likifuata uti wa kati kwa ndani kama herufi V. Nilikumbuka picha ya kitabuni: jani la chini, manjano ya umbo la V, mmea umekosa naitrojeni. Nikamjibu bila kusita, "Mzee, mahindi yana njaa. Weka mbolea ya CAN." Sikumwuliza shamba lake liko wapi, wala maji yamesimama kwa siku ngapi. Sikumwambia angoje Bwana Shamba arudi. Mzee alinishukuru, akaenda akauza kondoo, akanunua mifuko miwili ya kilo 50, akaimwaga kwenye ekari yake.

Baada ya majuma mawili alirudi. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Alikaa kwenye benchi akasema, "Mwalimu, nimekuja unieleze. Mbolea yangu ilikwenda wapi?"

Safari hii Bwana Shamba alikuwapo, tukaenda sote watatu. Shamba lilikuwa bondeni, udongo mweusi, na kati ya mistari maji yalikuwa yakimeta. Bwana Shamba akaomba jembe, akachimba shimo la futi mbili. Kabla hajamaliza kuchimba, maji yakaanza kuingia kutoka pembeni. Akang'oa mhindi, akaniwekea mizizi mkononi. Ilikuwa ya kahawia na inanuka kama mtaro. Hakunikemea mbele ya mzee, jambo ambalo namshukuru hadi leo.

Sasa jibu la swali la mzee. Jani lile lilikuwa limekosa naitrojeni kweli. Kitabu hakikusema uongo. Lakini lilikosa kwa sababu mizizi ilikuwa imebanwa pumzi haiwezi kula, hata kama chakula kipo. Tena kuna jambo la pili. Udongoni wamo vijidudu vingi visivyoonekana. Hewa ikiwapo, hupumua hewa. Hewa ikiisha, vingine hunyang'anya oksijeni iliyomo ndani ya naitreti, na naitrojeni inayobaki inageuka hewa, inapanda angani. Nusu ya naitrojeni ya mbolea ya CAN ni naitreti. Basi unapoimwaga katika shamba lililojaa maji, unawapa vijidudu hao karamu. Inayosalia huchukuliwa na maji hadi kwenye mtaro, kisha mtoni, kisha ziwani, na huko hustawisha magugu maji yanayowafungia wavuvi njia.

Ekari ile ilimpa mzee magunia matatu. Mwaka uliotangulia ilimpa kumi na mawili. Ada ya mtoto wa kidato cha pili ilikuwa imetegemea magunia hayo, na mtoto akakaa nyumbani muhula mmoja. Nimeandika habari hii kwa idhini yake, bila jina lake. Alisema, "Andika, lakini usiniite mjinga." Si yeye aliyekuwa mjinga.

KUJUA SHAMBA LAKO

Mstari wa mpaka wa kiwanja haufuati maji. Skimu za Muhoroni, Koru na Songhor zilipogawanywa miaka ya 1960 kila mtu alipata sehemu yake kwa ramani, na mara nyingi sehemu moja ina mgongo mkavu juu na bonde lenye maji chini. Mwenye shamba akilima yote kwa namna moja, mwaka wa mvua nyingi hupoteza chini na mwaka wa jua hupoteza juu.

Udongo mweusi wa Uwanda wa Kano una tabia zake. Ukikauka hupasuka nyufa ambazo mkono waingia. Mvua ya kwanza hutelemka katika nyufa hizo na kunywewa upesi. Kisha udongo huvimba, nyufa hufungwa, na kuanzia hapo maji hayashuki tena ila kwa shida, hukaa juu. Ukiwa mkavu jembe linaruka, ukiwa umelowa unanata hata viatu huwezi kuinua. Siku za kuulima ni chache katikati, na asiyelima mapema hukuta zimepita. Udongo mwekundu wa vilimani hupitisha maji vizuri, ila huchukuliwa na mmomonyoko.

Jinsi ya kupima ni rahisi. Chimba shimo la futi mbili kwa urefu wa kwenda chini, upana wa jembe. Lijaze maji, yaache yaishe, kisha ulijaze mara ya pili. Kama kesho yake saa ile ile bado kuna maji ndani, mahali hapo si pa maharagwe wala mahindi, isipokuwa uyainulie matuta. Fanya shimo moja juu, moja katikati, moja chini. Tazama pia rangi ya udongo wa ndani. Ukiona kijivu chenye madoa ya rangi ya kutu, jua maji hukaa hapo muda mrefu kila mwaka, hata kama leo ni pakavu.

Kisha tazama majani ya mwitu. Vunja shina ulizungushe kati ya vidole. Shina la nyasi ni la mviringo. Shina la jamii ya mafunjo lina pembe tatu. Mahali penye majani mengi ya pembe tatu na matete ni mahali pa maji. Ndago ya kawaida nayo ina pembe tatu, lakini hiyo usiifuate, maana humea kila mahali kama deni.

Jambo moja zaidi kwa wale walio kando ya ziwa. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili, na mashamba mengi ya ufukweni yakamezwa. Mwaka 2020 likapanda tena hata likafikia alama ile ya 1964, na 2024 watu wa pwani yake walihama mara nyingine. Ziwa likipanda, maji ya chini ya ardhi karibu na ufuko hupanda pia, hata kama hujayaona juu. Shimo lako la futi mbili litakuambia kabla ya mahindi kukuambia.

KAZI YA KUFANYA

Penye maji mengi, kazi ya kwanza ni kuinua mizizi. Piga matuta marefu ya upana wa futi tatu au nne, kimo cha futi moja, na mfereji kati yake, mifereji yote ikielekea mtaro mmoja mkubwa wenye mteremko mdogo. Panda juu ya tuta. Mtaro usiishie kwa jirani! Katika ofisi yetu barua za ugomvi wa mitaro ni nyingi kuliko barua za mbegu, nami ndiye nizipangaye, najua. Kaeni mashamba manne au matano, mtembee pamoja siku ya mvua kubwa mkaone maji yanakokwenda, kisha mchimbe mtaro wa wote. Na msikate mafunjo yaliyo mwisho wa bonde ili mpate nusu ekari. Hayo ndiyo yanayopunguza mwendo wa maji na kushika tope kabla halijafika ziwani.

Mhindi mchanga ndio ulio hatarini zaidi. Mpaka uwe na majani kama sita, kitovu chake cha kukua bado kiko chini ya ardhi, na siku mbili hadi nne za kuzama katika maji ya joto zinaweza kuumaliza. Kwa hiyo katika udongo mweusi lima wakati wa ukavu na upande mapema, ili mafuriko ya mwezi wa nne yaukute mmea umeinuka.

Mbolea ya kukuzia usiimwage wakati maji yamesimama. Fungua mtaro kwanza, ngoja udongo uwe na unyevu wa kadiri, ambao ukiukamata mkononi unashikana lakini hautoi maji kati ya vidole. Igawe mara mbili. Mvua ikiiba nusu ya kwanza, ya pili unayo ghalani.

Pale chini kabisa, ambapo shimo halikauki, acha kushindana. Weka nduma, au mpunga kama una maji ya hakika. Muhogo usithubutu kuuweka hapo, utaoza chini.

Upande wa kiu nitasema kwa kifupi, maana somo limekuwa refu. Mahindi huumizwa na kiu kuliko wakati wote yanapotoa mbelewele na ndevu. Majuma mawili ya jua wakati huo yanaharibu zaidi kuliko mwezi mzima wa jua baadaye. Hivyo kwa mvua za opon chagua mbegu inayokomaa upesi, au upande mtama. Palilia mapema, kwa kuwa gugu nalo lina vitundu na linakunywa maji yako. Tandaza majani makavu kati ya mistari, ila usitandaze kwenye udongo uliojaa maji. Wengine hutumia magugu maji kama matandazo. Ni vizuri, lakini uyaanike kwanza juani mbali na maji mpaka yakauke kabisa, wala usiyalaze karibu na mfereji au bwawa, kwa sababu kipande kibichi kikiingia majini kitaota.

Na ukiona shamba linanyauka saa saba mchana, usikimbilie kumwagilia wala kununua kitu. Ngoja jioni. Likiamka jioni, lilikuwa likijikinga na jua tu. Lisipoamka, tia kidole udongoni hadi mwisho wa kidole. Pakiwa pakavu, ni kiu. Pakiwa pamelowa, ng'oa mmea mmoja utazame mizizi, kisha uchimbe mtaro.

Mzee wangu sasa ameigawa ile ekari. Juu ana mahindi na maharagwe, katikati miwa juu ya matuta, chini nduma ambayo mkewe huiuza sokoni Ahero. Katika mafuriko ya 2024 mahindi yake hayakuguswa. Miwa ililala kidogo. Akija ofisini na jani huniletea na mzizi wake pia, na donge la udongo ndani ya kopo, akiweka vyote mezani kabla hajanisalimu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mpunga na mahindi vikisimama katika maji yale yale, kimoja huishi na kingine hufa?

2. Jirani yako ana mahindi ya manjano. Utamwuliza maswali gani matatu kabla ya kumshauri anunue mbolea?

3. Shamba lenu lina mgongo juu na bonde chini. Chora ramani yake mavumbini kwa kijiti, uonyeshe maji yanakoingia na yanakotoka, kisha useme utapanda nini wapi.

4. Maji ya mtaro wako yanaishia kwa nani?

Majibu ya swali la tatu na la nne yaleteni ofisini siku yoyote ya kazi. Kama mimi peke yangu ndiye niliyepo, nitayaandika kitabuni, na Bwana Shamba atawajibu.